Robo Saa Chini ya Kitambaa

Mwaka niliomaliza sekondari ninaukumbuka kwa kipindi kimoja cha televisheni, na ndani ya kipindi hicho kuna robo saa nzima ambayo sikuiona. Wenzangu wa rika langu wakianza kusimulia ujana wao huanza na ndoa, au safari, au vita, na mimi hayo yote ninayo, msidhani nimekosa. Lakini mwezi uliopita Zuhura alirudi Uvira kumwoza mpwa wake, tukakaa sebuleni kwa dada yake tumbo limejaa pilau, na kabla hatujaulizana habari za magoti na presha, alinishika mkono akasema, "Feli, unakumbuka Elvana?" Nilicheka mpaka nikatoa machozi. Nilikuwa nikidhani ni mimi peke yangu niliyezeeka na jambo hilo moyoni. Mabinti waliokuwa wakikusanya sahani walitutazama kama watu waliokunywa kitu, na katika nyumba ile hakinywewi kitu.

Elvana lilikuwa jina la chombo cha angani, na sisi tuliliita hivyo igizo lote. Lilikuja kila Jumapili jioni kutoka televisheni ya Bujumbura, ng'ambo ya ziwa, likisemwa kwa Kifaransa kilichobandikwa juu ya midomo ya watu wengine, kiasi kwamba muntu alifunga kinywa na sauti yake ikaendelea. Mtaani kwetu Mulongwe televisheni ilikuwa kwa Mzee Salumu, baba yake Zuhura, muuza vitenge ambaye wazee wake walifika zamani na biashara ya ziwa na hawakuondoka tena. Antena yake ilifungwa kwenye mwanzi mrefu nyuma ya nyumba, imetazama Bujumbura, na upepo wa milimani ukiigeuza kidogo tu, watu wa Elvana walianza kutembea wawili wawili, kila mmoja na kivuli chake. Mlango wa Mzee ulikuwa wazi kwa yeyote aliyevua viatu. Ndani ukuta ulipakwa kijani, chini kizito na juu chepesi, viti vya mbao vilikuwa vya wanaume, na sisi tulikaa kwenye mikeka iliyonusa ubani. Mama Zuhura alipitisha chai ya tangawizi na maandazi, na siku njema mikeke ya kukaanga, wale samaki wetu wenye mafuta, na ndimu pembeni. Mama yangu alinilisha kwanza nyumbani ili nisimwaibishe. Nilikula nyumbani, nikaenda nikala tena, na sijawahi kuona aibu yoyote.

Nilikuwa na kazi katika sebule ile, maana Mzee na mkewe hawakujua Kifaransa zaidi ya bonjour na maneno ya kodi. Nilikaa mbele kabisa nikiwatafsiria. Zuhura alikijua kuliko mimi, tulikuwa darasa moja la sita, lakini mbele ya baba yake sauti yake ilikuwa inarudi tumboni. Basi niliwasemea watu wote wa Elvana, kapiteni na daktari na mpishi, na nilipenda kweli. Nimefundisha Kifaransa maisha yangu yote tangu hapo, na nikiulizwa nilisomea wapi ualimu hutaja chuo kwa sababu ya heshima tu.

Mtakaotaka kujua kwa nini watu wazima waliacha kazi zao kutazama chombo cha mbao na karatasi kikizunguka angani, nitawaambia. Kwanza, watu wa Elvana walikuwa wanakula. Nimeona maigizo mengi ya nyota baada ya hapo, wote wanapigana, hakuna anayeonja hata ugali. Lakini Kapiteni Daskal kila kipindi alikaa mezani na watu wake, akamenya tunda moja la ajabu, jekundu nje na jeupe ndani, akawagawia, na mambo yote makubwa yaliamuliwa pale, tunda likipita mkono kwa mkono. Pili, alikuwa na binti, Irisa, umri wetu, nywele fupi, aliyeujua mtambo wa chombo kuliko wanaume waliolipwa kuujua. Korido yao ilikuwa moja tu, iliyopakwa rangi upya kila wiki ili tudhani ni nyingine. Tuliona, hatukujali. Aliyejali ni Tonton Dezire, jirani, mjomba wa mtaa mzima, dereva wa lori la Bukavu, aliyeamini kwamba kila kitu chenye mtambo kinamhusu.

"Ile mashini inabebea mafuta wapi?" aliuliza kila Jumapili. "Minye napanda mulima ya Ngomo na mifuko ya muhogo, nasimama Luvungi naweka maji, nasimama tena. Bale banavuka mbingu yote bila kusimama hata kununua ndizi?"

"Dezire," Mzee alimjibu, "kama weye unajua njia ya mbinguni, shuka kwenye kiti yangu uende."

Sasa ndiyo nifike kwenye kitambaa. Igizo lilianza jua likiwa linashuka nyuma ya milima, na katikati yake kila Jumapili bila kukosa adhana ilisikika. Hapo Mzee alisimama hata kama Elvana inaungua moto, akashusha sauti mpaka ikaisha kabisa, akafunika televisheni kwa kitambaa cheupe ambacho mkewe alikidarizi maua. Hakuizima, kwa sababu ilikuwa televisheni yenye kiburi: ukiizima inaweza kukataa kuwaka mpaka kesho. Halafu akaenda msikitini na wanaume wake, Mama Zuhura na Zuhura wakaingia chumba cha ndani kusali, na sisi Wakristo tukabaki sebuleni tumetazama kitambaa. Hakuna aliyekigusa. Ningeweza kusema tulikuwa na adabu, na tulikuwa nayo, lakini pia tulikuwa tumegundua mchezo. Mwanga wa televisheni ulipenya kitambaa, na kwa rangi yake tulikuwa tunakisia kinachotokea. Mwanga wa buluu ulikuwa watu wamekaa wanazungumza. Mweupe ulikuwa wametoka nje kwenye nyota. Mwekundu ulikuwa ugomvi. Wenye nyumba wakirudi tuliwapa habari kamili ya mambo ambayo hakuna aliyeyaona, wakatuamini, na igizo likaendelea. Ninavyofikiri leo, nusu ya utamu wa Elvana tuliutunga wenyewe.

Mwaka huo Zuhura alikuwa anaposwa. Kijana alikuwa wa Kigoma, wa ukoo wao, watu wazuri wenye duka, na Mzee alikuwa ameshatoa neno kwamba binti atavuka ziwa kabla ya Ramadhani, maana yake kabla ya mtihani wa taifa. Zuhura alitaka mtihani. Alitaka diploma ya sekondari, kisha shule ya wauguzi kule Bukavu, na alikuwa na akili ya kupata vyote viwili, walimu wenyewe walisema. Kuolewa hakukuwa kunamchukiza, aliniambia; kilichokuwa kinamuua ni kusoma miaka yote hiyo halafu kuondoka mlangoni pa mtihani. Nilimwambia amuombe baba yake. Alinitazama kama nimemwambia aogelee mpaka Kigoma. Mzee Salumu hakuwa mkali, hajawahi kumchapa mtoto, ila alikuwa muntu wa neno: akisema kitambaa hiki ni cha rangi isiyotoka, ujue hata yeye amekifua kwanza. Kuomba arudishe neno lake kulikuwa kama kumwomba atembee sokoni bila kofia. Siku moja tulikuwa uani tunachagua mchele, dirisha liko wazi juu yetu, tukawasikia ndani.

"Baba Zuhura, mutoto amebakiza miezi kidogo tu," mama alikuwa anasema polepole.

"Minye nimeisha sema neno kwa watu. Banajua nakuja na binti. Nitawaambia nini? Kwamba mutihani ni mukubwa kuliko minye?"

"Utawaambia bangoje."

"Kungoja, kungoja. Muntu anangojea boti, hangojei bibi arusi."

Zuhura aliendelea kuchagua mchele, na niliona kwamba alikuwa anatupa mchele na kubakiza mawe. Nilimnyang'anya sinia. Nikamwambia Jumapili iko karibu.

Na Jumapili ile ndiyo ilikuwa kipindi chenyewe. Elvana ilitua kwenye dunia iliyojaa maji, hakuna hata kipande cha udongo, watu wake wanaishi katika nyumba zinazoelea zilizofungwa pamoja kwa kamba. Kulikuwa na shule yao ya kusoma nyota, nyumba kubwa ya kioo juu ya maji, na Irisa alipoingia mle alisimama, kamera ikakaa usoni kwake muda mrefu kuliko kawaida. Hata Tonton Dezire hakuuliza mafuta. Usiku wa chombo, mezani, Irisa alimwambia baba yake anataka kubaki asome mpaka Elvana ipite tena. Kapiteni alikuwa amemenya tunda. Akasema hapana. Alikuwa ameahidi kumfikisha mahali fulani, kwa watu fulani waliokuwa wanamsubiri, na ahadi yake ilijulikana kote. Nilitafsiri hayo yote na katikati nikasikia ninachokitafsiri. Sikugeuka kumtazama Zuhura wala Mzee. Sebule yote ilikuwa imekaa kama watu wanaopigwa picha. Irisa akasema, "Baba, ukinipeleka huko nitakwenda nusu." Kapiteni akafungua kinywa amjibu, na muadhini akaanza.

Mzee akasimama, akafunika, akatoka. Nilibaki na Tonton Dezire na majirani wachache, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kuingia nyumba ile nilitaka kukivuta kitambaa kile nikitupe ziwani. Mwanga ulikuwa wa buluu, kisha ghafla ukawa mwekundu, mwekundu hasa, unawaka na kuzima.

"Haya, kapiteni amekasirika," Dezire alisema. "Anapiga meza."

"Anapiga meza muda wote huu?"

"Weye humujui baba mwenye binti. Ngoja."

Tukangoja. Wekundu ukazima, buluu ikarudi, ikatulia. Dezire akashusha pumzi akasema, "Haya. Sasa anafikiri." Mzee aliingia na kofia yake, nyuma yake mkewe na Zuhura wametoka ndani, akainua kitambaa kabla hata hajakaa. Tukaona mashua ndogo ya kuruka ikiondoka Elvana, inashuka kuelekea ile nyumba ya kioo, na ndani yake Irisa peke yake. Kapiteni Daskal alikuwa amesimama kwenye dirisha la chombo, watu wake wote nyuma yake. Akainua mkono polepole, kiganja kimetazama mbele, akakaa nao hivyo mpaka mashua ikawa nukta. Kisha akarudi mezani peke yake, akachukua lile tunda, akaligawa, nusu akaiweka kwenye sahani ya binti yake. Ikaishia hapo.

"Felisita, sema," Mzee alisema, kitambaa bado mkononi. "Imekuwa je?"

"Amemruhusu, Baba. Amempungia mkono."

"Kabla ya sala alikuwa anasema hapana."

"Alikasirika kwanza," Dezire akaingilia. "Tuliona nyekundu. Kisha akafikiri, ikakuwa buluu. Akamuruhusu."

"Nani alimushauri? Daktari?"

"Hapana muntu. Yeye mwenyewe, na akili yake."

Mzee alikikunja kitambaa mara nyingi kuliko kilivyohitaji, akakiweka, akauliza kama chai imeisha. Basi. Sikulala vizuri usiku ule kwa furaha nisiyokuwa na haki nayo, maana hakuna kilichokuwa kimebadilika. Jumapili iliyofuata Mzee hakuwepo. Alikuwa amepanda boti Kalundu kwenda Kigoma, na Mama Zuhura alifunika televisheni badala yake. Nilijua ameenda kupanga siku ya harusi. Nilitafsiri vibaya jioni ile, nilimpa daktari maneno ya mpishi, na hakuna aliyenirekebisha. Zuhura alikaa karibu yangu akitafuna ncha ya mtandio wake.

Jumapili ya baadaye alikuwa amerudi. Alikaa kwenye kiti chake, akangoja chai ifike kwa kila muntu, akasema bila kumtazama yeyote, "Batu ba Kigoma nimewaambia bangoje mpaka mutihani uishe na masomo ya Bukavu yaishe. Bamekubali. Kijana mwenyewe amekubali." Halafu akaongeza, "Kapiteni alikubali, minye ni nani?" Sebule ililipuka. Tonton Dezire alisimama juu ya kiti. Mama Zuhura aliingia ndani haraka, tukamsikia analia na kushukuru kwa pamoja, na Zuhura akapiga magoti akaushika mkono wa baba yake akauweka kwenye paji la uso wake. Elvana ilianza na hakuna aliyeitazama. Miezi ikapita, majina ya waliofaulu yakasomwa redioni, na mtaa mzima ukatumwagia poda ya pongezi mimi na Zuhura mpaka tukafanana. Alikwenda Bukavu, akawa muuguzi, kisha mkunga, na aliporudi yule kijana wa Kigoma alikuwa bado anangoja, mnene kidogo tu. Wamezeeka pamoja. Amewazalisha wanawake wa nusu ya mji wa Kigoma, na bado ananiambia mimi ndiye nisiyetulia.

Kwa miaka yote hiyo nimekisifia kipindi kile. Nimewasimulia wanafunzi wangu, wanangu, na wagonjwa niliokwenda kuwaona hospitalini, ambao hawakuwa na pa kukimbilia. Niliwaambia hakuna igizo jingine lenye ujasiri wa kumwonyesha mzazi akishindwa na fikra zake mwenyewe, bila hotuba, kwa mkono mmoja tu. Baada ya Zuhura kunitajia Elvana, nilirudi nyumbani nikamuuliza Nadine, mpwa wangu ninayeishi naye, kama kitu cha zamani vile kinaweza kuwa kwenye simu. Akakipata kabla maharage hayajachemka. Nilivaa miwani, nikakaa barazani, nikakitazama chote. Na ile robo saa ikaja, wazi, bila kitambaa.

Kapiteni hakukubali. Alisema hapana mara ya pili, kwa ukali zaidi, akaamuru waondoke dunia ile mara moja. Irisa akatoka mezani, akaiba ufunguo, akaingia kwenye mashua, na king'ora kikaanza kulia na taa yake nyekundu kuwaka: huo ndio ulikuwa wekundu wetu. Walipokizima ikarudi buluu. Mtu wa silaha akaielekezea mashua mtambo wake akauliza, "Kapiteni, niisimamishe?" Na Daskal, uso umempauka, akainua mkono. Hakuwa anaaga. Alikuwa anamwambia yule mtu asipige.

Nilikaa barazani na simu mkononi na maharage yakaungua. Mwanzo nilicheka, kwa sababu niliuona uso wa Tonton Dezire akitoa hukumu kwa rangi za kitambaa. Halafu nikakosa raha. Mzee Salumu amekwisha kufa, Mungu amrehemu, na jambo kubwa alilolifanya alilijenga juu ya kitu ambacho hakikutokea, na mimi ndiye niliyemwambia kimetokea. Nilijiuliza kama nimwambie Zuhura. Nadine alisema nimwache mwanamke wa watu na baba yake. Lakini sisi wawili hatujawahi kufichana Elvana, na kesho yake alikuwa anapanda boti. Nikaenda, nikamkuta anafunga mizigo, nikamwekea simu mbele yake juu ya kitanda. Alitazama mpaka mwisho. Nikangoja ashangae. Hakushangaa.

"Baba alijua," akasema.

Nikamwambia haiwezekani.

"Televisheni walikuwa banarudia kila kipindi siku ya tatu, Jumatano. Hakuna aliyejua, kwa sababu siku za kazi Baba alikuwa dukani. Wiki ile nilikuwa na malaria, akarudi mapema kuniangalia, akaiwasha ili nisikie watu. Ikawa ni kile kipindi. Tulikuwa wawili tu. Akaniambia, 'Leo weye utanitafsiria.' Feli, nilimutafsiria kila neno. Ufunguo, king'ora, yule wa silaha, yote." Alikaa kitandani, akaigeuza simu ikatazama chini. "Ilipoisha akaniuliza, 'Na weye ungefanya vile?' Nguo zangu zilikuwa zimefungwa ndani ya kitenge chini ya kile kitanda nilichokuwa nimelala, na sikukuambia hata weye. Nikasema, 'Ndiyo, Baba.'"

Niliuliza alijibu nini.

"Akaniwekea maji. Kisha akasema, 'Ule kapiteni amekubali kwa kuchelewa. Angekubali mapema, mutoto wake angemuaga.' Kesho yake akaenda kutafuta boti ya Kigoma." Zuhura alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Siku naenda Bukavu nilimuaga, Feli. Nilimuaga mpaka Tonton Dezire akapiga honi."